Sandwichi ya saa saba mchana: uchambuzi wa kisa cha mkate uliolowa

Mdogo wangu hutengeneza sandwichi yake saa kumi na mbili asubuhi na kuila saa saba mchana, ofisini. Hanunui vitu vibovu. Mkate huwa laini, kuku humchemsha mwenyewe, nyanya zimeiva sawasawa, na letusi ni mbichi. Hata hivyo, kila akifungua chombo mchana hukuta slesi ya chini imelowa hadi inakatikia mkononi, slesi ya juu imekakamaa kwenye kingo, na nyama ya kuku imeteleza ikarundikana upande mmoja.

"Dada, shida ni mkate au ni nyanya?" aliniuliza. Mkate alikuwa ameshabadilisha, na hali ikabaki ileile.

Nilimwomba aniandikie jinsi anavyoipanga, kutoka chini kwenda juu, bila kuruka kitu. Alichoniandikia ndicho kisa ninachokichambua hapa. Slesi mbili hupitishwa kwenye tosta, zikitoka hulazwa kwenye sahani na kupakwa zikiwa bado moto. Ya chini hupakwa mayonezi nyepesi. Juu ya mayonezi hukaa nyanya, na nyanya hunyunyiziwa chumvi. Juu ya nyanya, tango. Juu ya tango, nyama ya kuku iliyochambuliwa. Kisha letusi, kisha kipande cha jibini, kisha slesi ya juu iliyopakwa haradali. Sandwichi hukatwa mshazari, huwekwa kwenye chombo cha plastiki chenye nafasi kubwa, na chombo husimamishwa kwa ubavu ndani ya mkoba. Akifika kazini, chini ya saa moja baadaye, hukiingiza kwenye friji.

Niseme msimamo wangu mapema. Katika orodha hiyo hakuna kiungo hata kimoja ninachokilaumu. Kila kimoja kimepewa jirani asiyemfaa, na jirani huyo amekaa naye saa saba nzima. Sandwichi hiyohiyo, ikiliwa palepale jikoni, ingekuwa tamu. Ndiyo maana naamini kwamba kabla ya kufikiria ladha, rangi au urefu wa sandwichi, mtu ahesabu kwanza saa zitakazopita kati ya kuitengeneza na kuila. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua nini kikae juu ya nini.

Maji yalikotoka

Nyanya ni maji kwa takriban asilimia 95, na tango ni hivyohivyo au zaidi kidogo. Nyanya ikiwa nzima, maji hayo yamefungiwa ndani ya seli zake na ganda limeyazuia. Kisu kikipita, seli za pale kilipopita hupasuka na majimaji huanza kutoka. Chumvi ikinyunyizwa juu, huvuta maji hata kutoka kwenye seli ambazo kisu hakikuzigusa, kwa njia ya osmosisi, yaani maji kupenya utando wa seli kuelekea kwenye chumvi nyingi. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa anafanya jambo linaloitoa nyanya maji kuliko yote, kisha anaifunika kabla maji hayajatoka, na yanatokea ndani ya sandwichi.

Chini ya nyanya kuna mkate, na mkate umejaa vitundu. Nyama yake ya ndani ni wanga uliokauka kiasi, uliotandazwa katika kuta nyembamba sana, na huyanyonya maji kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Slesi haihitaji kutumbukizwa ili ilowe. Inatosha iguse kitu chenye maji na ipewe muda, na hapa ilipewa asubuhi yote.

Sasa mayonezi. Mdogo wangu aliitegemea iwe ngao, kwa hoja kwamba mayonezi ni mafuta na mafuta hayapitishi maji. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyomponza. Mayonezi ni matone madogo sana ya mafuta yaliyosambaa ndani ya maji, na kiini cha yai ndicho kinachoyazuia yasiungane. Kinachozunguka kila tone ni maji yenye siki au ndimu. Mayonezi nzito, yenye mafuta mengi, huchelewesha maji ya nyanya kwa muda fulani. Ile nyepesi imepunguziwa mafuta na kuongezewa maji na vitu vya kuifanya iwe nzito, kwa hiyo inaweza kuanza kuulowesha mkate yenyewe hata kabla ya nyanya.

Siagi imejengwa kinyume chake. Angalau asilimia 80 yake ni mafuta, na maji machache iliyo nayo yamefungwa kama vitone ndani ya mafuta hayo. Ukiipaka kwenye slesi, upande unaoitazama nyanya ni mafuta matupu. Ndiyo sababu nikiulizwa ni kitu gani kimoja kitakachoiokoa sandwichi ya kubeba, najibu siagi bila kusita. Lakini masharti yapo: iwe laini, na ifike hadi kwenye kingo. Siagi iliyotoka kwenye baridi huichana slesi na kuacha mapengo, na maji yakipata pengo moja hupita hapo na kusambaa chini ya siagi, ikawa kama hukupaka kitu.

Tosta nayo ilichangia. Joto hukausha uso wa slesi na kuupa ile rangi ya kahawia na harufu inayotuvutia, kazi ya mmenyuko wa Maillard (sukari na protini za mkate zikiungana kwa joto), ambao huenda kasi uso unapopita nyuzi 140 hivi za Selsiasi. Uso huo mkavu ni mtamu kwa dakika chache. Slesi ikilazwa moto kwenye sahani, mvuke unaotoka chini hauna pa kwenda, hupoa na kuwa matone, na upande wa chini hulowa kabla hata kisu cha mayonezi hakijaguswa. Na hata angeiacha ipoe ikiwa imesimama, baada ya saa kadhaa karibu na nyanya ule ukavu hugeuka kuwa mkate mgumu wa kutafuna. Mimi sioni faida ya kuchoma mkate utakaokaa hadi mchana.

Kwa nini slesi ya juu ilikakamaa

Hili lilimchanganya kuliko yote: iweje mkate mmoja ulowe na mwenzake ukauke, katika chombo kimoja? Chanzo cha kwanza ni nafasi. Sandwichi ilikuwa haijafungwa kwa chochote, na hewa ya ndani ya chombo kikubwa ilikuwa inazigusa kingo zake muda wote. Chanzo cha pili ni baridi yenyewe. Wanga wa mkate uliookwa hurudi polepole kujipanga katika fuwele, na kujipanga huko huufanya mkate uwe mgumu. Jambo hili huenda kasi zaidi katika baridi ya friji kuliko katika joto la kawaida la chumba, na hutokea hata mkate usipopoteza maji.

Mtu anaweza kusema basi asiiweke kwenye friji. Hapo sikubali kabisa. Kuna nyama ya kuku humo, na chakula cha namna hiyo hakitakiwi kukaa zaidi ya saa mbili katika joto la kati ya nyuzi 5 na 60, kwa kuwa hapo ndipo vijidudu huzaliana haraka. Mkate mgumu kidogo ni usumbufu. Kuku aliyekaa nje asubuhi nzima anaweza kumlaza mtu kitandani. Friji inabaki, na mpangilio ndio unaopaswa kuizoea.

Kuteleza

Watu wengi wakizungumzia mpangilio wa sandwichi huishia kwenye kulowa. Kwangu kuteleza ni kosa kubwa vilevile, kwa sababu mkate uliolowa bado unalika, ila sandwichi iliyomwagika mapajani hailiki.

Tazama tena mpangilio wake kutoka chini: mayonezi, nyanya, tango. Ni vitu vitatu vyenye unyevu vilivyofuatana, na hakuna kati yao kinachomshika mwenzake. Juu ya tango kuna nyuzi za kuku zilizo huru. Juu yake kuna jani la letusi, ambalo ngozi yake ina nta na ni laini, na juu ya jani kuna jibini lenye uso laini pia. Karibu kila mpaka kati ya kitu na kitu ni mahali pa kuteleza. Chombo kikisimama kwa ubavu kwenye mkoba, mipaka hiyo yote inasimama wima, na mwendo wa safari unamaliza kazi. Kilichosalia humalizwa na meno: ukiuma mbele, unabana, na kilicho huru kinakimbilia nyuma.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba kitu kinachoteleza kipewe jirani mwenye kunata au mwenye uso wa kukwaruza, pande zote mbili ikiwezekana, na kisipewe kamwe jirani anayeteleza kama chenyewe. Mkate ndio wenye uso wa kukwaruza kuliko vyote, lakini umeshapigwa marufuku kuigusa nyanya. Kwa hiyo inabidi kitu kingine katikati kifanye kazi ya gundi. Katika kisa hiki kitu hicho kilikuwepo tayari, ni vile tu kilikuwa hakijaandaliwa: kuku.

Tulivyoipanga upya

Viungo vilibaki vilevile isipokuwa siagi na pilipili manga, vilivyoongezwa, na tango, nililoliondoa kwanza. Kazi huanza na nyanya, kabla ya kitu kingine chochote. Hukatwa vipande vyenye unene wa wastani, hulazwa juu ya karatasi ya jikoni, hunyunyiziwa chumvi na kuachwa wakati mengine yanaendelea, kama dakika kumi hivi. Ukirudi utaona vidimbwi vidogo juu ya kila kipande. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa yanaishia kwenye mkate. Hukaushwa pande zote mbili kwa karatasi nyingine, kwa kugusa taratibu bila kukamua.

Wapo wanaoshauri kukwangua kabisa ute wa katikati wenye mbegu. Nawaelewa, maana huo ndio wenye majimaji zaidi. Lakini ute huo ndio pia uliobeba glutamate kwa wingi kuliko nyama ya pembeni, yaani ladha ile nzito inayokufanya utake kuuma tena. Ukiutupa unabaki na nyanya ya sura tu. Chumvi na karatasi vinatosha.

Slesi zote mbili, bila kuchomwa, hupakwa siagi laini upande wa ndani hadi kwenye kingo. Jibini hushuka kutoka juu na kulala moja kwa moja juu ya siagi ya slesi ya chini. Kule juu lilikuwa halina kazi yoyote zaidi ya ladha. Hapa linakuwa ukuta wa pili, kwa sababu maji yake yenyewe yameshikwa na protini na mafuta, na kipande kizima hakina tundu. Haradali hupakwa juu ya jibini badala ya kupakwa kwenye mkate. Haradali ni maji na siki kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kwenye mkate hupenya na kutoweka, lakini juu ya jibini hubaki ilivyo na huushikilia mpaka kati ya jibini na kuku.

Kuku hukatwakatwa vipande vidogo zaidi ya alivyozoea, kisha huchanganywa na kijiko cha mayonezi na pilipili manga hadi vishikane. Mayonezi, iliyokuwa ngao mbovu, inakuwa gundi nzuri. Mchanganyiko hutandazwa juu ya jibini na kukandamizwa kwa mgongo wa kijiko hadi ufike pembeni. Nyanya hufuata, safu moja tu, vipande visipandane, na kila kipande hubonyezwa kidogo ndani ya kuku ili kishikwe.

Nilichelewa zaidi kwenye nafasi hii ya nyanya, kwa hiyo nieleze. Maji yatakayoendelea kutoka yatashuka. Yakishuka yanakutana na kuku, ambaye huyapokea bila madhara, tena yanampa unyevu anaouhitaji. Chini ya kuku kuna jibini, na chini ya jibini kuna siagi. Ndiyo kusema slesi ya chini, inayobeba uzito na kupokea kila kinachoshuka, imepewa kuta mbili, wakati ya juu inatosheka na letusi na siagi. Kinga iwe nzito upande maji yanakoelekea.

Letusi hukaa juu ya nyanya. Ile nta ya ngozi yake huzuia maji vizuri, kwa sharti ambalo watu wengi hulipuuza: jani lenyewe liwe kavu. Letusi iliyooshwa na kutikiswa mara moja juu ya sinki huingia kwenye sandwichi na maji yaliyo huru kabisa, ambayo hayangoji chumvi wala kisu. Ikaushwe kwa kitambaa safi, mshipa mnene wa katikati ubonyezwe ulale, na jani moja pana lipendelewe kuliko vipande vingi vidogo. Kisha slesi ya juu hufunika.

Sandwichi hufungwa kwa karatasi ya kuokea, kwa kukaza, na kulazwa chali kwenye chombo kinachoitosha. Chombo nacho hulazwa. Sioni haja ya kuikata asubuhi, maana kila mkato ni ukingo mpya wa kukauka na mlango mpya wa kumwaga. Akitaka nusu mbili, aikate mchana ikiwa ndani ya karatasi yake, kwa kisu cha meno, kwa kusugua bila kukandamiza.

Yaliyobaki na ugomvi

Slesi ya chini ilifika mchana ikiwa nzima, na hilo lilimfurahisha kuliko nilivyotarajia. Lakini haikuwa kamilifu. Siagi iliyotoka kwenye friji ni ngumu mdomoni, na baridi huzimisha ladha ya jibini na ya nyanya pia. Dawa yake ni kuitoa kama nusu saa kabla ya kula, bado ndani ya karatasi yake, muda ambao hauleti hatari. Letusi ilikuwa imelegea pale ilipogusana na nyanya yenye chumvi. Ukitaka letusi ya kuvunjika kwa sauti saa saba mchana, ibebe pembeni. Mimi ningevumilia kulegea huko kuliko kubeba vifurushi viwili, ila hapo kila mtu na meno yake.

Ugomvi ulikuwa juu ya tango. Nilikuwa nimeliondoa kabisa, kwa sababu kuweka nyanya na tango katika sandwichi moja ya kubeba ni kualika vitu viwili vya maji, vyote vya kuteleza, na kimoja tu kinatosha.

"Bila tango hiyo si yangu, dada," alisema. "Hiyo ni yako."

Alikuwa na haki. Sandwichi isiyo na kitu cha kukatika mdomoni ni laini mwanzo hadi mwisho, na ulaini mtupu huchosha. Tukaafikiana kwamba tango likatwe, lifungwe peke yake, na liingizwe ofisini dakika ya mwisho, moja kwa moja chini ya slesi ya juu, likitazamana na mkate. Mkate utalishika, na kwa dakika chache hizo hautapata muda wa kulowa.

Jambo moja hatukulipanga likajitokeza lenyewe. Jibini na haradali kuhamia chini kuliibadilisha ladha ya tonge la kwanza, kwa kuwa ulimi uko chini na hukutana kwanza na kilicho chini. Baada ya kutafuna kidogo vyote huchanganyika, lakini mwanzo huo wa ukali wa haradali na chumvi ya jibini ulimpendeza. Asiyependa ukali huo mwanzoni anaweza kuigeuza sandwichi juu chini wakati wa kula, na atakutana na letusi kwanza. Ni njia rahisi ya kujua unapendelea mpangilio upi bila kutengeneza sandwichi nyingine.

Siku ambayo haendi kazini

Mpangilio huu usichukuliwe kuwa ndio bora kwa kila hali, na hapa ndipo narudia hoja ya saa. Jumamosi mdogo wangu hula akiwa amesimama jikoni, na nilimshauri aufanye kinyume karibu wote. Achome mkate, auache dakika moja ukiwa umeegemezwa wima ili mvuke utoke pande zote. Apake mayonezi nzito slesi ya chini, na nyanya ilale juu yake moja kwa moja, nene, na chumvi inyunyizwe hapohapo. Maji yanayotoka sasa ni rafiki: yanachanganyika na mayonezi yakawa mchuzi, na mchuzi unazama kwenye uso mkavu wa mkate kwa kiasi tu cha kuutia ladha, kabla haujafika katikati. Zile kuta zote za siagi na jibini zingekuwa zinamnyima kitu kizuri. Kuku akae juu ya nyanya, vipande vipana badala ya kuchanganywa, jibini juu yake ili joto la slesi ya juu lililegeze, na letusi aiweke pembeni mwa sahani isije ikanyauka kwa joto hilo. Tango liingie popote apendapo. Slesi ya juu aiweke bila kuikandamiza, na asimsubiri mtu mwingine amalize ya kwake ndipo aanze kula.